Kovu la Ubavuni

Choo cha shimo hakionyeshi rangi. Kwetu Bahati, juu ya mji wa Nakuru, choo kiko nyuma ya nyumba, ng'ambo ya mparachichi, na baba alikuwa akikiendea alfajiri kabla kuku hawajashuka, au usiku akiwa na tochi ya simu. Ndiyo maana kwa miezi kadhaa ya mwaka wa 2021 hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe, kwamba haja yake ilikuwa nyeusi kama lami. Damu inayovuja tumboni au kwenye utumbo mwembamba haifiki chini ikiwa nyekundu. Humeng'enywa njiani kama ugali na sukuma wiki, ikawa nyeusi, ikanata, ikapata harufu yake ambayo muuguzi mzoefu huitambua akiwa bado mlangoni. Sisi tuliona jambo jingine. Mzee aliyezoea kupanda kutoka barabarani hadi langoni bila kupumzika alianza kusimama mara mbili, kisha mara tatu, huku akijifanya anakagua mahindi ya jirani.

Tulimpeleka kwenye zahanati. Alisema anachoka, na tumbo linamsokota baada ya kula. Akaambiwa ni vidonda vya tumbo, neno ambalo huku kwetu karibu kila mtu wa umri wake ameshaambiwa, akapewa dawa za kupunguza asidi. Wiki tatu baadaye tulirudi. Kope zake zilipovutwa chini, nyama ya ndani ilikuwa nyeupe kama karatasi, akaongezewa vidonge vya madini ya chuma. Vidonge hivyo vina tabia ya kukifanya choo kiwe cheusi. Kwa hiyo siku alipokuja kuiona rangi, katika choo cha kukalia kwa dada yangu kule Lanet, alikuwa tayari na maelezo mkononi, na maelezo yenyewe yalikuwa kweli nusu.

Kinachoniketisha kuandika ni swali moja aliloulizwa siku ile ya kwanza.

"Mzee, umewahi kufanyiwa upasuaji wowote?"

"Hapana, daktari."

Nilikuwa nimeketi kando yake, barakoa usoni, kitambulisho chake mkononi mwangu. Nilijua kwamba jibu si hilo. Nikaitazama kalenda ya ukutani, nikanyamaza.

Mwaka wa 2009 baba alitolewa figo ya kushoto. Alikuwa na umri wa miaka 49, bado akifanya kazi katika kiwanda cha pareto hapa mjini, na mikono yake ilikuwa na ile harufu kavu ya maua yaliyokaushwa ambayo hata sabuni ya kipande haikuimaliza. Alikojoa damu mara moja, ikakatika. Ikarudi baada ya mwezi. Hakuwa na maumivu. Vitabu vya udaktari hutaja dalili tatu za saratani ya figo: damu kwenye mkojo, maumivu ya ubavu, na uvimbe unaoweza kuupapasa kwa mkono. Wachache sana huwa nazo zote tatu kwa pamoja, na wakiwa nazo mara nyingi wamechelewa. Baba alikuwa na moja, akaihangaikia, nasi tukamwona mtu mwenye bahati. Picha ilionyesha uvimbe wenye ukubwa wa parachichi dogo. Akapelekwa Nairobi, akapasuliwa ubavuni, akatolewa figo nzima na uvimbe wake. Daktari wa upasuaji alituambia korido ikiwa na watu, kwa sauti ya mtu aliyechoka na kuridhika: "Tumeutoa wote."

Neno hilo "wote" lilikuja nyumbani nasi. Baba alilitoa kanisani kama ushuhuda, akiwa amesimama mbele na koti la Jumapili, na watu wakapiga makofi. Alienda kupimwa kwa miaka miwili, kisha akaacha, na hakuna aliyemsukuma. Baada ya hapo figo ikageuka kuwa hadithi iliyokwisha. Kuitaja upya kungekuwa kama kurudi madhabahuni na kusema kwamba ule ushuhuda una sehemu ya pili. Nadhani ndivyo alivyoona. Hakumdanganya yule tabibu. Aliulizwa kuhusu ugonjwa, akajibu kuhusu uponyaji.

Na mimi? Kwetu mtoto hamkosoi babake mbele ya watu wa nje, hata akiwa na mvi zake mwenyewe. Hiyo ni sababu, lakini nikijisema kweli haikuwa sababu yote. Hata mimi nilikuwa nimeliweka lile jambo kabatini. Mtu akikuuliza kuhusu tumbo, figo iliyozikwa miaka kumi na miwili iliyopita inahusiana nini? Tunaamini ugonjwa una kiungo chake, kama mtu na kijiji chake. Ukishaondolewa pale, umeondoka duniani.

Tangu wakati huo nimejifunza figo hufanya nini, na sijui kwa nini hatufundishwi mapema zaidi ya ile habari ya mkojo. Figo zote mbili hazifiki hata sehemu moja ya mia ya uzito wa mwili, lakini takribani sehemu moja kati ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo hupita kwazo. Huchuja kiasi cha lita 180 kwa siku, zikarudisha karibu yote, zikatoa lita moja na nusu hivi ya mkojo. Kazi hiyo tunaifahamu. Kazi nyingine ni ya kusikiliza. Figo huisikiliza damu inavyopita, zikipima imebeba hewa kiasi gani, na hewa ikipungua hutoa homoni iitwayo erithropoietini, ambayo husafiri hadi kwenye uboho wa mifupa na kuuagiza utengeneze chembe nyekundu zaidi.

Huku Bonde la Ufa jambo hilo lisingepaswa kuwa geni. Mji wa Nakuru uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Bahati iko juu yake zaidi, na Iten, wanakofanyia mazoezi wakimbiaji, hukaribia mita 2,400. Mgeni kutoka Mombasa akipanda huku hutweta siku za kwanza, kisha figo zake husikia na kuagiza. Mapafu na miguu ya wanariadha wetu tumeviimba sana. Figo zao hazijaimbwa na mtu, ila labda kwa njia mbaya: homoni hiyo ikitengenezwa kiwandani na kudungwa kwa siri, ndiyo ambayo baadhi ya wakimbiaji wetu wamefungiwa kwa ajili yake.

Jumatatu ya tarehe 7 Oktoba 2019, Tuzo ya Nobel ya tiba ilitangazwa kwenda kwa watafiti watatu, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, kwa kueleza jinsi seli zinavyotambua kiasi cha hewa. Jumamosi ya wiki ileile, tarehe 12, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 kule Vienna kwa saa 1:59:40. Siku iliyofuata Brigid Kosgei akaivunja rekodi ya dunia ya wanawake kule Chicago kwa saa 2:14:04. Baba alimtazama Kipchoge katika hoteli moja ya Maili Kumi, akiwa amesimama kwa sababu viti vilijaa, na alirudi nyumbani akitembea kwa kasi kama aliyekimbia yeye. Habari za Nobel hatukuzisikia. Nimezijua baadaye, na sasa siwezi kuikumbuka wiki ile bila kuziweka hizo mbili pamoja: dunia ilikuwa ikishangilia hewa ndani ya damu, na baba yangu alikuwa akishangilia akiwa na figo moja.

Walichokieleza wale watafiti ni hiki, kwa jinsi nilivyokielewa mimi mwalimu wa Kiswahili. Ndani ya seli kuna protini iitwayo HIF, ambayo kazi yake ni kupiga mbiu kwamba hewa ni haba. Hewa ikiwa ya kutosha, protini nyingine iitwayo VHL huikamata HIF na kuipeleka ikasagwe, dakika baada ya dakika, ili mbiu isilie bure. VHL ni herufi za madaktari wawili, von Hippel wa Ujerumani na Lindau wa Uswidi, walioeleza ugonjwa wa kurithi unaotokana na kuharibika kwake. Mtu akipanda mlima, HIF huachwa, nayo hujikusanya na kuamuru: ongeza chembe nyekundu, otesha mishipa mipya ya damu. Katika aina ya saratani ya figo iliyo ya kawaida zaidi, ile aliyokuwa nayo baba, VHL ndiyo iliyoharibika. Hakuna wa kuinyamazisha mbiu. Seli inakuwa kama mtu anayelia kwamba anakabwa, kumbe amesimama uwandani na upepo unampiga usoni.

Kwa hiyo inaita damu, na damu inakuja. Uvimbe wa saratani hii huwa umejaa mishipa myembamba, mingi, iliyoshonwa ovyo. Ndivyo unavyoota upesi, ndivyo unavyovuja kwa urahisi, na ndivyo mbegu zake zinavyopata njia. Seli ikibanduka huingia katika mshipa wa figo, ikafika kwenye mshipa mkuu, moyoni, na mapafuni. Mapafu ndiyo kituo cha kwanza, na ndiyo yanayopatwa zaidi. Kisha mifupa, ini, ubongo. Utumbo umo katika orodha, lakini chini kabisa, kiasi kwamba daktari akimpata mgonjwa mmoja wa namna hiyo mara nyingi humwandikia makala ili wenzake wasome. Na seli hizi zina subira. Ugonjwa unaweza kurudi baada ya miaka kumi, hata ishirini, mgonjwa akiwa amesahau na faili lake limeliwa na mchwa.

Daktari aliyemfikia hatimaye hospitalini alikuwa mwanamke kijana, na hakuanza na maswali. Alimlaza kitandani, akamwomba ruhusa, akalivuta shati juu.

"Baba, hili kovu ni la nini?"

Kovu lilianzia chini ya mbavu za kushoto likapinda kuelekea kitovuni, pana kiasi cha kidole, linang'aa kama ngozi ya ngoma. Lilikuwa limekaa pale muda wote, chini ya shati na sweta, katika kila chumba tulichoingia.

"Ah, hilo ni la zamani."

"La zamani lini?"

Baba akanitazama. Ndipo nikasema mimi. Nilieleza kila kitu, mwaka, upande, hata lile neno "wote", na daktari aliandika bila kuinua kichwa, akanishukuru. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Damu yake ilipimwa ikawa 5.2, wakati mwanamume anatarajiwa kuwa na 13 au zaidi. Akaongezwa chupa nne. Hapa sina budi kusimama, kwa sababu damu hiyo naijua ilikotoka, si kwa jina bali kwa jumla. Katika nchi yetu sehemu kubwa ya damu ya kuchangiwa hutoka kwa wanafunzi wa shule za upili, na kwa hiyo shule zikifungwa benki za damu hukauka. Desemba ndio mwezi mbaya kuliko yote. Lakini mwaka wa 2021 Korona ilikuwa imeibana kalenda ya masomo, na muhula wa pili uliendelea hadi karibu Krismasi. Muhula huohuo watu wa kituo cha damu cha Nakuru walikuwa wamekuja shuleni kwetu. Tuliwapanga wanafunzi bwaloni, wale waliofikisha miaka 16 na kilo 50, na kijana mmoja wa kidato cha tatu aliogopa sindano hadi midomo ikamkauka. Nilimshika bega nikamwambia atazame dirishani anisomee ngeli. Alianza: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI. Alipofika PA-KU-MU mfuko ulikuwa umejaa.

Wiki chache baadaye niliketi kando ya kitanda cha baba nikiutazama mfuko kama ule, una namba tu, hauna jina, ukidondoka tone kwa tone. Sikujua ni wa nani. Nilikuwa nikihesabu matone na ngeli pamoja. Kufikia jioni baba alikuwa na rangi midomoni, akaomba chapati.

Kisha ikaja kazi ya kutafuta damu ilikokuwa ikitokea. Alipitishwa kamera ya mdomoni: umio salama, tumbo lina wekundu kidogo tu, hakuna kidonda cha kutoa damu kiasi kile. Akapitishwa kamera ya nyuma: utumbo mpana salama. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba kuna sehemu ambayo kamera hizo mbili hazikutani. Ya juu hufika mwanzo wa utumbo mwembamba ikaishia hapo. Ya chini hufika mwisho wake ikaishia hapo. Katikati kuna mita kadhaa za utumbo uliokunjwakunjwa, gizani. Huko ndiko ilikokuwa. Skani ndiyo iliyouona: uvimbe ndani ya utumbo mwembamba, na utumbo wenyewe umeanza kuumeza, sehemu moja ikiingia ndani ya nyingine kama mkono wa shati unapovuliwa kwa haraka. Katika picha ulionekana duara ndani ya duara. Daktari alituonyesha kwa ncha ya kalamu. Mama aliuliza kama unaumiza, na daktari akasema, "Ndiyo, mama. Ndiyo maana tumbo lilikuwa linamsokota akila."

Alipasuliwa Jumanne, tarehe 30 Novemba. Siku ya pili yake Rais Uhuru Kenyatta alikuja kuukabidhi mji wetu hati ya jiji. Nilitoka hospitalini kutafuta uji, nikakuta bendera na ngoma na watu waliovaa fulana mpya, na ndugu yangu mmoja alinipigia simu kutoka Molo kunipongeza kwa kuwa mkaazi wa jiji. Nilimshukuru. Nilikuwa na uji mkononi na sikuweza kumwambia.

Kipande cha utumbo kilipelekwa maabara. Ripoti ilipokuja ilisema seli angavu, asili yake figo. Nilimwomba daktari anieleze maana ya seli angavu, akachora mraba nyuma ya karatasi ya dawa, na kitone katikati. Seli hizi, alisema, hujaza mafuta na sukari kama ghala wakati wa mavuno. Lakini nyama ikitayarishwa ili iwekwe chini ya hadubini, hupitishwa katika dawa zinazoyayeyusha mafuta hayo yote na sukari ile. Kinachobaki ni ukuta na kitone, na katikati peupe. Kwa hiyo huko maabara ugonjwa wa baba ulionekana kama safu za vyumba vitupu. Karatasi hiyo ninayo hadi leo. Jambo lililonishangaza ni kwamba baada ya miaka kumi na miwili, katika kiungo kisicho chake, seli ile ilikuwa bado na sura ya figo. Haikuwa saratani ya utumbo hata kidogo. Ilikuwa figo ya kushoto, ikiendelea kuisikiliza hewa na kuisikia vibaya, ikiita damu pale ambapo damu haikuwa na kazi.

Madaktari wetu husema "imetembea". Sijui nani alianza, ila hospitali zote za huku ndilo neno linalotumika: kansa imetembea, imefika kwa ini, imefika kwa mgongo. Vitabuni tumeandika "kusambaa", na nilikuwa nikiwasahihisha wanafunzi wachague neno hilo. Nimeacha. Kusambaa husambaa moto na uvumi, vitu visivyo na kwao. Kutembea ni kwa mtu anayejua alikotoka. Yule tabibu wa kwanza angejua ilikoanzia safari, asingehitaji miujiza kukisia ilikofika. Alihitaji sentensi moja, na tuliokuwa nayo tulikuwa wawili chumbani.

Nyumbani habari ilipofika kwamba ni kansa na iko tumboni, kijiji kilikuwa tayari na jina lake. Bonde la Ufa linaijua kansa ya umio. Kila ukoo una mtu ambaye chakula kilianza kumkwama kooni, kwanza nyama, halafu ugali, halafu maji. Na kila mtu amesikia kuhusu chai ya moto. Mwaka wa 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, huenda vikasababisha saratani ya umio, na habari hiyo ilitembea redioni hadi ikapoteza neno "umio". Mama alimwandalia baba chai kwa miaka 38, na baba aliipenda ikiwa inafuka, aseme chai isiyounguza ni maji ya kuoshea vikombe. Mama alinyamaza siku nyingi. Kisha jioni moja jikoni aliniuliza, mgongo wake ukiwa kwangu, kama ni yeye.

Nilimwambia si yeye. Nikamweleza kwamba ugonjwa ulitoka kwenye figo, ukafika kwenye utumbo kwa njia ya damu, na chai haina mkono ndani yake. Nikamweleza yale yanayojulikana kuhusu saratani ya figo: sigara, na baba alivuta hadi mimi nilipoingia kidato cha kwanza, shinikizo la damu, alilokuwa nalo, unene, ambao hakuwa nao, na katika familia chache, urithi. Mama alisikiliza, akaosha sufuria ile ile mara mbili.

Dawa alizoanza Januari hazikuwa zile za kudungwa ambazo watu huziogopa. Saratani ya figo haizijali sana dawa za aina hiyo, na hata mionzi, ambayo siku hizi watu wa Nakuru wanaipata hapahapa katika hospitali ya rufaa ya kaunti badala ya kulala Nairobi, hutumika kwayo zaidi kutuliza maumivu ya mifupa. Yeye alipewa sunitinib, vidonge vilivyoruhusiwa Marekani mwaka wa 2006, vinavyofanya kazi palepale penye ile mbiu: huziba masikio ya mishipa ya damu isiitike inapoitwa. Haviponyi, huchelewesha. Alimeza wiki nne, akapumzika wiki mbili, akaanza tena. Kuhusu gharama nitasema tu kwamba kundi la WhatsApp la mchango lilikuwa na watu 214, na kwamba kuna mwanafunzi wangu wa zamani, anayeuza mitumba katika soko la Wakulima, aliyetuma shilingi mia mbili kila Ijumaa kwa miezi kumi na minne bila kuandika neno.

Dawa ilimchubua nyayo, akawa anatembea nyumbani kwa soksi mbili. Ngozi ikapata manjano kidogo. Lakini kitu ninachokiona nikifumba macho ni ndevu. Baba hakuwa na mvi nyingi, na kwa kuwa mikono ilikuwa inamuuma aliacha kunyoa. Dawa hiyo huzuia rangi ya nywele wakati inamezwa, na ikipumzishwa rangi hurudi. Kwa hiyo ndevu zake zilianza kuota kwa mistari: weupe wa wiki nne, weusi wa wiki mbili, weupe tena. Ungeweza kusoma juu ya kidevu chake alimeza lini na alipumzika lini. Wajukuu walimwita punda milia, naye alipenda, akawaambia amehamia mbugani. Siku moja alinishika mkono akaupitisha kwenye mistari ile.

"Mwalimu," aliniita hivyo alipokuwa na jambo, "kumbe mwili unaandika."

"Unaandika, baba."

"Na mimi nilimwambia yule kijana sijawahi kupasuliwa."

Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kulitaja. Nilimwambia nilikuwepo. Akasema, "Najua. Nilikuona ukiangalia kalenda."

Alifariki Machi 2023, nyumbani, asubuhi, mvua ikiwa bado haijaanza. Kabla ya kuoshwa kaka yangu alitaka kumnyoa ili apendeze, na mama akakataa. Alizikwa na mistari yake saba.

Siku hizi nikienda Bahati mama hunipokea kwa chai kama zamani, maziwa mengi, majani kidogo, tangawizi. Ila huimimina kikombeni akaiweka dirishani, akakaa nayo, mkono juu ya meza, hadi utando wa maziwa uote juu yake na mvuke ukome. Nimemweleza mara tatu tofauti ya umio na figo. Husema, "Nimesikia, baba," jina analoniita tangu mwenyewe aondoke, kisha huendelea kungoja. Halafu huugusa ubavu wa kikombe kwa nyuma ya vidole, anisogezee, nami nakunywa.